Shikilia Mpaka Nikwambie

Alasiri ilikuwa inaishia pale fundi Ame alipofunga mfuko wa spana nyuma ya baiskeli na kuukwea mlima wa Kengeja, kwenda kwa Mwalimu Petronila. Kazi ya saa moja, alimwambia mkewe. Breki tu. Ame alikuwa mtu wa kujisifu, hilo nalisema mapema, na kwa breki alikuwa na haki yake. Miaka ishirini na mbili alilala chini ya magari ya watu, na hakuna hata moja lililomrudia.

Gari lenyewe lilikuwa jipu kuukuu la kupandia milima, bati limeliwa na chumvi. Petronila, mtu wa Bukoba, mwalimu wa fizikia wa skuli ya hapo, alilinunua mwezi uliopita kwa mchuuzi wa karafuu aliyekuwa na haraka ya ajabu ya kuliuza. Aliishi na wanawe wawili katika nyumba ya walimu, chini kabisa ya mteremko. Jana yake, akiteremka, pedali ya breki ilizama mpaka chini. Alilikwaruzisha gari kwenye ngema ya kando ya njia ndipo likasimama, akatia mawe mawili mbele ya magurudumu, akamalizia njia kwa miguu. Gari likabaki pale pale, pua imeelekea mlangoni kwake.

"Fundi, kesho alfajiri lazima nifike Mkoani, mtoto ana kliniki," alisema.

"Utafika, Mwalimu. Wallahi utafika."

Ame akakaa kitini, akakanyaga. Pedali ikazama. Akaipiga haraka haraka mara tatu, ikapanda, lakini laini, inabonyea kama sponji.

"Hewa hii," alisema. "Na hewa haiingii bila ya tundu."

Akakagua gurudumu moja moja. La nyuma kushoto lilikuwa limelowa mafuta kwa ndani. Mpira wa silinda ulikuwa umekatika. Akautia mpya, akarudisha gurudumu, akashusha jeki. Breki ya mkono haikuwapo, waya wake ulishakatika zamani. Gari lilishikwa na yale mawe mawili tu. Ilibaki kutoa hewa.

Kutoa hewa kunataka watu wawili, mmoja chini, mmoja kitini. Wa chini husema "kanyaga", wa juu hukanyaga na kujibu. Wa chini hufungua nati ndogo, hewa ikatoka, akaifunga, ndipo akasema "achia". Wa juu akiachia kabla hajaambiwa, hewa hurudi ndani na kazi yote huwa bure.

"Usiachie mpaka nikwambie, Mwalimu."

"Sawa, Fundi."

Akajipenyeza chini. Magharibi ikaadhiniwa naye yumo humo humo. Asya, mkewe, angelimwona angelimvuta miguu, maana nani huku kwetu anajilaza ardhini saa hiyo? Lakini ndiyo hivyo, mtu na kazi yake.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Fsss... Mapovu. Akafunga nati.

"Achia."

Mara ya pili. Mara ya tatu. Huko chini nyumbani mtoto akalia. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa. Ame alisikia, lakini macho na akili vyote vilikuwa kwenye nati.

"Kanyaga!"

Kimya.

Kisha pedali ikalia juu yake... kwiii... taratibu sana.

"Nshakanyaga."

Sauti ilikuwa ya chini, karibu na mnong'ono. Ame akatabasamu peke yake. Lo! Mwalimu wa watu, Kipemba kishamwingia. Akafungua nati. Mafuta yakatoka safi, hayana povu hata moja. Akaifunga, akakaza. Papo hapo akasikia harufu ya karafuu zilizovunda, karafuu zilizokaa mvuani mpaka zikaoza. Akapiga chafya.

Ndipo alipoona kandambili.

Kandambili nyekundu, na miguu ya mwanamke ndani yake, inakwea mteremko kutoka nyumbani.

"Fundi, unisamehe," alisema Petronila kutoka kule, anahema. "Mtoto alianguka nikakimbilia. Tuendelee?"

Neno la "achia" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Ame, miaka ishirini na mbili limezoea kutoka lenyewe, akaling'ata. Juu yake pedali bado imekanyagwa.

Akageuza kichwa kutazama mawe.

Hayapo.

Yalikuwa kwenye majani, hatua nne kutoka pale, yamewekwa pamoja vizuri. Mbele ya magurudumu palikuwa patupu. Na gurudumu la nyuma lilikuwa shubiri moja tu kutoka mbavuni mwake. Akaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Gari hili linashikwa na mguu ule, basi. Ukiachia, litapita juu yake, kisha litateremka moja kwa moja mpaka barazani, ambako binti wa Mwalimu, Joyceline, amewasha taa anasoma, na mdogo wake yuko pembeni.

"Fundi..." Sauti ile, juu, kwa adabu kabisa. "Niachie?"

Petronila akasimama. Ame akachungulia pembeni, akamwona anainama dirishani mwa gari. Alitazama nyumba yake, akamtazama Ame, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Shikilia," alisema Ame. Alishangaa sauti ilipotokea. "Shikilia hapo hapo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

"Haya," ikasema sauti.

Akatoka chini ya gari kwa viwiko, pole pole, astaghfirullahi haimbanduki mdomoni. Akayarudisha mawe. Kisha akatazama ndani, maana fundi ni fundi. Kiti kitupu. Pedali imelala mpaka kwenye bati, na hakuna mguu juu yake.

Usiku ule, nyumbani, Asya alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, mkono kifuani.

"Yarabi! Baba Bakar, gari hilo nalijua mie," alisema. "Kabla ya huyo mchuuzi lilikuwa la mume wa marehemu Bi Duni. Siku moja mume yuko chini, yeye kitini, wanatoa hewa kama nyie. Bi Duni akaachia kabla hajaambiwa, likampita mumewe kifuani. Wapo waliosema alighafilika. Wapo waliosema alikuwa na wachawi wake, akatakiwa atoe mtu, akamtoa huyo. Mwenyewe hakujieleza. Mpaka anakufa alikuwa akiuliza kila anayepita, niachie?"

Asubuhi, safari ya kliniki imeshaachwa, vijana wanane walilivuta jipu kwa kamba waliondoe pale. Magurudumu yaliganda, kamba ikakatika. Petronila alieleza kwa sauti ya darasani: masta, silinda kuu ya breki, imeziba, mafuta hayarudi, ndiyo maana breki zimeshika, na springi ya pedali imekatika, ndiyo maana haipandi. Ni fizikia tu. Ame alikubali kuwa inawezekana. Aliwahi kuona gari la namna hiyo. Lakini mwalimu alisema yote hayo bila ya kukitazama kiti hata mara moja, na alipoombwa aingie kujaribu, alikumbuka ana kipindi.

Usiku wa kwanza alilala na wanawe kwa jirani. Wa pili akarudi kwake. Nyumba ni hiyo moja, na fundi wa kuja kulikata gari vipande alisema Jumatatu. Mawe, kila asubuhi, yalikutwa kwenye majani. Watoto wanacheza, alisema mwalimu. Ame akayarudisha, wala hakubishana naye.

Jumamosi asubuhi, wakinywa chai, alimwona Asya macho mekundu.

"Una nini?"

"Hujijui kama unafanya kazi usingizini?" Asya hakuinua uso. "Miaka yote. Nilikuwa nacheka tu. Sasa tangu siku ile, kila usiku, unasema kanyaga. Unakaa kidogo. Unapumua. Halafu midomo inaanza kulitafuta lile jingine."

Ame akaweka kikombe chini.

"Likatoka?"

"Nakuziba kwa mkono. Kila usiku nakuziba."

"Lakini, Asya, mtu akisema usingizini, kule mlimani nani atasikia?"

Asya akalitazama dirisha la chumbani mwao. Lilikuwa limefungwa, na nguo zimesokotezwa kwenye nyufa zote.

"Hayupo mlimani," alisema. "Ukishasema kanyaga, kuna mtu hapo nje anajibu. Halafu anauliza." Machozi yakamtoka. "Nami usiku wa tatu huu sijafumba macho, Baba Bakar. Leo sijiwezi. Leo nitalala."