Vidole Vinne kwenye Rangi Nyeusi

Salu alipotoka shule alivua sare, akanawa miguu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba yao, Somanda, mjini Bariadi. Hapo ndipo mama yake, Philomena, alipofanyia kazi. Philomena alipaka upya rangi za vipande vya nje vya magari: vitasa vya milango, pembe za bampa, na vifuniko vya vile vioo vya pembeni ambavyo mafundi huviita saiti mira. Vipande vilining'inia kwenye kamba ya nguo, vikiyumba taratibu kama popo waliosinzia.

Salu alipenda kuvitazama. Rangi nyeusi ikiwa mbichi, mawingu yalipita ndani yake, na Salu aliona kama angeweza kuingia humo akatembea mpaka ng'ambo.

"Salu, umefika wewe, au umefika mwili tu?" mama aliuliza.

"Nimefika, mama."

"Haya. Vifuniko hivi viwili ni vya mzee Ngassa wa Mwandoya. Jumamosi gari lake linampeleka bintiye Veronica kanisani kufunga ndoa. Nimeviosha kwa sabuni, nimevipiga msasa, nimevifuta kwa tina ya kuondoa mafuta. Rangi ya chini imeshakauka. Nini kimebaki?"

"Rangi nyeusi."

"Na kabla ya hapo?"

"Asiviguse mtu."

"Hata wewe," mama alisema, akaingia ndani kubandika maharage huku akisubiri upepo utulie.

Mara akatokea Apolonia, rafiki wa Salu wa darasa la sita, na sahani ya maandazi ya moto. "Mwadila, mayu!" alisalimia kwa Kisukuma, kwa sauti nzito ya kikongwe. Salu akacheka, wakala. Maandazi yalikaangwa kwa mafuta ya pamba, na vidole vikabaki vinateleza.

Jua lilikuwa limelala juu ya vile vifuniko. Rangi ya chini ilikuwa ya kijivu laini, laini kama sikio la ndama. Salu hakukumbuka alivyosimama. Alishtukia tu vidole vyake vinne vikipita polepole juu ya kifuniko kimoja, huku yeye akiliona gari likiingia kanisani na vumbi la Mwandoya likimeta nyuma yake.

"We! Mama yako!" Apolonia alinong'ona. Salu akaketi upesi.

Mama alitikisa kopo la rangi nyeusi, akapuliza. Kifuniko cha kwanza kikang'aa. Cha pili kikang'aa pia, kisha rangi ikaanza kujikunja. Vishimo vidogo vikafunguka, kimoja baada ya kingine, kama matone ya mvua ya kwanza mchangani.

"Kristofa!" mama aling'aka. "Ameniuzia rangi mbovu! Leo atanisikia, na mtaa mzima utasikia." Akajifunga kitenge, akachukua kopo, akatoka mbio.

Salu alikisogelea kifuniko. Vishimo vilijipanga mistari minne, na mistari hiyo ilipita palepale vilipopita vidole vyake.

"Nyamaza tu," Apolonia alisema. "Nani atajua?"

Lakini Salu alimjua Kristofa. Kristofa ndiye aliyemfundisha mama kazi hii, mwanzo mpaka mwisho, bila kuchoka naye. Mama alimwita kaka. Kopo lile halikuwa na kosa lolote.

Akakimbia.

Alipofika dukani kwa Kristofa, mama alikuwa ameshaanza. Madereva wawili wa bodaboda walikuwa wamezima pikipiki ili wasikilize.

"Fundi mzima unauza maji ya kopo!" mama alifoka.

"Mpe zake, mama!" dereva mmoja akashangilia.

Kristofa, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, aliligeuza kopo mkononi. Uso wake ulikuwa umesinyaa.

"Mama, ni mimi," Salu alisema, akihema. "Nilikigusa. Nilikuwa nimekula maandazi."

Dereva aliyeshangilia akajifanya anatazama tairi lake.

Mama aliutazama mkono wa Salu, kisha akamtazama Kristofa. "Kaka," alisema taratibu, "nisamehe. Sikuuliza kwanza. Nimekuja na hasira tu." Akawageukia madereva. "Na ninyi mliosikia, sikieni na hili: rangi ya Kristofa ni nzuri. Kosa limetoka kwangu."

Kristofa akashusha pumzi. "Rangi haikai juu ya mafuta," alisema. "Acheni ikauke mpaka kesho. Mkwangue, muoshe kwa sabuni, mfute kwa tina, mpake upya. Jumamosi bibi harusi hatajua lolote."

Siku iliyofuata Salu alikwangua mwenyewe, mpaka vidole vikamuuma. Aliosha mikono mara tatu kabla ya kushika ukingo wa kifuniko. Mama alipopuliza, rangi ilitulia kama maji ya bwawani, na wingu jeupe likapita ndani yake bila haraka.

"Umekasirika bado?" Salu aliuliza.

"Kwa kugusa nilikasirika. Ulikosa, na umelipia kwa jasho lako," mama alisema. "Lakini nimefurahi ulivyokimbia. Kifuniko kikiharibika, tunacho cha kufanya: tunakwangua, tunapaka upya. Jina la mtu tukishalichafua mbele ya watu, mwanangu, tutalikwangua kwa msasa gani? Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako."