Chungu Juu ya Bomba

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula, Kiroboto alikimbilia nyuma ya nyumba. Baba yake alimpa jina hilo la utani kwa sababu alikuwa hajui kutulia. Lakini tangu asikie kwamba bibi yake anahamia kwao, msichana huyo alikuwa ametulia kwenye udongo. Bibi alikuwa anaumwa miguu, haendi mbali, na alipenda maua. Dirisha la chumba alichoandaliwa lilitazama shimo la maji taka lililozungukwa na magugu.

Kiroboto alifyeka magugu yote. Akaufukia mfuniko wa zege kwa udongo, akapanda nyasi na maua mafupi juu yake. Kilichobaki kumkera ni bomba la plastiki lililochomoza kutoka shimoni hadi usawa wa kifua chake. Akatafuta chungu kipana, akakijaza udongo na maua ya kutambaa, akakikalisha juu ya bomba.

Mama alipoona alishika kiuno. "Jamani, nani kamfundisha huyu mtoto?"

Hakuridhika mpaka amewaita majirani. Wote walikisifia chungu. Kiroboto alivimba kichwa, na nani angemlaumu? Kazi ilipendeza.

Baada ya hapo choo kikaanza kunguruma. Ukivuta maji, yalishuka kwa kusuasua, na harufu ikapanda mpaka sebuleni. Kaka yake akawa anapita ameziba pua.

"Kiroboto, bustani yako inajamba!" alimtania.

"Shimo limejaa," baba aliamua. "Na bibi yenu anafika kesho. Namwita fundi."

Fundi bomba alikuja na sururu. Aliposikia kwamba mfuniko uko chini ya maua, alitikisa kichwa. "Basi hakuna namna. Tuchimbue."

Kiroboto aliyatazama maua yake. Akajiuliza harufu ilianza lini. Ilianza siku ile ile alipoweka chungu! Akakitazama chungu, akamtazama mama aliyekuwa amekisifia kwa mtaa mzima. Akinyamaza, hakuna atakayemnyooshea kidole. Lakini je, wakichimba bure na harufu ikabaki? Bibi angekuja kukaa kwenye nyumba inayonuka.

"Fundi, subiri kidogo," alisema. "Hili bomba lina kazi gani?"

"Ni la kutolea hewa ya shimoni. Likizibwa, hewa inarudi nda..." Fundi akainua macho, akakiona chungu. "He! Nani kaweka hiki?"

"Ni mimi," Kiroboto alisema, uso umemshuka. "Harufu ilianza nilipokiweka."

Wakakishusha. Baba akaingia ndani akavuta maji. Yalishuka moja kwa moja, bila kelele, na kaka mtu akapiga makofi huko huko chooni.

Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Umeniokoa na sururu, binti yangu. Ila mfuniko nao usiufukie. Siku shimo likijaa kweli, tutaufungua vipi?"

Kiroboto hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliuondoa udongo juu ya mfuniko, akayahamishia maua pembeni, akaacha nafasi ya kutosha mtu kufungua. Nyasi nazo alizipanda upya kandokando. Bomba aliliosha likang'aa, akaliacha wazi. Mikono ilimuuma, lakini alipoiangalia bustani yake alitabasamu peke yake.

Bibi alipofika, walimwekea kiti nje ya dirisha lake. Alitazama huku na huku, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Mjukuu wangu, umenipendezeshea. Ila hilo bomba mbona umeliacha limesimama uchi?"

"Ndilo linalotoa hewa chafu, Bibi. Mimi nililiziba kwa chungu, nyumba nzima ikanuka. Halizibwi tena."

Alisema hivyo kichwa kikiwa juu. Mama, aliyekuwa mlangoni, alikuja akamshika bega.

"Mama, mwangalie vizuri mjukuu wako," alimwambia Bibi. Kisha akamgeukia binti yake. "Nilipowaita majirani waone chungu, nilijivunia mapambo. Jana ulipomzuia fundi ukasema ni wewe, nilijivunia mtoto wangu. Kufanya kazi kwa bidii ni kuzuri, mwanangu, lakini ukikosea, sema mapema na urekebishe. Sasa twende kwa majirani tena. Nataka waje waone bomba."