Sauti ya Mama Kendi

Soko la Gakoromone mjini Meru siku ya Jumamosi halimsubiri mtu. Ntinyari alikuwa akiitwa na wateja watatu kwa mpigo, mtoto mgongoni, gorogoro la kupimia mkononi, alipomwona mwanamume amechutama kando ya gunia lake la maharagwe. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mkunjo ukisimama kwenye mikono, na alikuwa amekielekeza kitu cheusi kama gunzi la mahindi kwenye lile gorogoro. Macho ameyafumba.

"Wewe ni kanjo wa ushuru ama ni nini?" Ntinyari alimuuliza.

"Mimina tena," mwanamume akasema bila kufumbua macho. "Tafadhali. Polepole kidogo."

"Hapa hatumimini bure. Yakishaingia kwa gorogoro ni yako."

Akakubali. Ntinyari alimimina, akamimina tena, na maharagwe yalipoanguka kwenye bati yalinguruma kama mvua inayokuja kutoka mbali. Walipomaliza, mgeni yule alikuwa na maharagwe ambayo kapera hawezi kuyamaliza mpaka Pasaka ya mwaka unaofuata. Wanawake wa vibanda vya jirani wakacheka mpaka wakashika viuno.

Jina lake lilikuwa Ireri, mtu wa Embu. Kile cheusi kilikuwa maikrofoni, na begani alining'iniza kinasa sauti. Alimweleza kwamba vinanda vya umeme hutoka Japani vikiwa na sauti zake ndani, nzuri, lakini sauti za kwao. Yeye alitengeneza nyingine. Hakutunga nyimbo. Alitengeneza zile sauti ndefu zinazolala chini ya wimbo, zisizo na mdundo wala mwendo, zinazotandazwa mchungaji anapoomba, au mwigizaji wa redio anapotembea peke yake. Alinasa mvua, upepo kwenye mikaratusi, mlango wa ghala, akavigeuza ndani ya kinanda mpaka visitambulike, akavitia kwenye disketi na kuwauzia wapiga vinanda wa makanisa na watungaji wa kaseti za injili.

"Kwa hivyo unauza hewa," Ntinyari akasema.

"Nauza ukungu, mama. Hewa ni ya bei ya chini."

Ntinyari alicheka, na Ireri akajuta kwamba alikuwa ameshazima kinasa sauti.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena, mpaka majirani wakaacha kuuliza kama amekuja kununua maharagwe. Jioni za Jumapili Ntinyari alisimama kwenye kibanda cha simu karibu na posta ya Meru, sarafu zimelowa jasho kiganjani, akapiga Embu kwenye duka la kaseti ambalo chumba chake cha nyuma ndicho kilikuwa studio ya Ireri. Waliulizana wamekula nini. Alimwita "mtu wangu wa ukungu," naye akamwita "mrembo wa gorogoro," na sarafu zikaisha kabla ya maneno.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Ntinyari hakulifanyia mzaha. Baba yake Kendi, yule mtoto wa mgongoni, alikwenda Isiolo kutafuta kazi kabla mtoto hajaota jino, akaagiza angojwe, na mpaka leo. Kwa hiyo Ireri aliposema kwamba mwisho wa mwaka atawaleta wazee wake wabishe hodi kwa baba yake kuposa, Ntinyari hakuruka kwa furaha. Alimwambia, "Sema tu ukiwa unajua," na Ireri akajibu kwamba anajua.

Jioni moja, katika chumba alichopanga Ntinyari mtaani Kaaga, Kendi alisumbuliwa na ufizi, analia, hataki titi wala uji. Ntinyari akamlaza kifuani na kuanza kuvuma. Haukuwa wimbo. Ulikuwa mvumo tu, midomo imefungwa, unapanda kidogo, unashuka, unapumua, unarudi. Kendi alilegea. Ireri, aliyekaa kwenye kigoda karibu na jiko la makaa, aliomba ruhusa ya kuunasa.

"Wa nini?"

"Nikiwa Embu niwe nawasikia."

"Basi nasa. Lakini ni wako wewe," Ntinyari akasema.

Wiki mbili baadaye alipopiga simu, iliitikiwa na mwanamke. "Studio, karibu," sauti laini, imeshiba. Ntinyari alikata. Akapiga tena, sarafu nyingine, ndipo Ireri akaja.

"Huyo ni nani?"

"Ni Winfred. Anapiga kinanda kanisani hapa. Ni mteja tu, mpenzi."

"Wateja wangu hawapokei simu yangu."

"Wewe huna simu."

"Nikiwa nayo hawataipokea."

Ireri alicheka. Ntinyari hakucheka. Wiki nzima Winfred aliishi kwenye gunia la maharagwe. Kila gorogoro lilipotumbukia, Ntinyari alimwona: mara mrefu, mara mfupi, mara mweupe wa uso, lakini siku zote ana meno mazuri na siku zote Ireri amesimama nyuma yake.

Mwezi wa nane rafiki yake Gacheri, aliyeuza viazi kibanda cha pili, aliolewa Embu. Ntinyari alijishonea gauni la rangi ya damu ya mzee, mabega yamejaa kama mito, akaazima viatu vyeupe na kumvisha Kendi kofia ya sufi. Alipoingia kanisani macho yake yalikwenda moja kwa moja mbele, kwenye kinanda. Winfred alikuwa mzuri kuliko yule wa kwenye gunia. Suti ya rangi ya maziwa, nywele zimetiwa dawa zikamwagika shingoni, kucha nyekundu. Ireri alikuwa ameinama karibu naye akichomeka nyaya. Tai yake ilikuwa ya rangi ya maziwa pia. Ntinyari aliiona hiyo tai kabla ya kumwona bibi harusi.

Kendi alisumbua ibada nzima. Mchungaji akawaombea maharusi, watu wakainamisha vichwa, na Winfred akalaza vidole vyote kumi kwenye kinanda. Sauti ikapanda kutoka kwenye spika, nene, ya polepole, kama ukungu unaotoka bondeni. Mwanamke wa kiti cha mbele alianza kulia taratibu. Kendi aliachia titi. Akageuza kichwa, akasikiliza mdomo wazi, kisha akanyoosha mikono miwili kuelekea mbele, kwa mwanamke mwenye suti, akamchekea kwa meno yake mawili.

Ntinyari aliinua kichwa. Ile sauti ilikuwa yake. Imevutwa, imeshushwa, imefanywa kubwa kama nyumba, lakini ilipanda pale pale na kupumua pale pale. Na mtoto wake alikuwa anataka kwenda kwa aliyeishika.

Nje, watu wakipanga foleni ya pilau, alimwita Ireri kando ya tangi la maji na kumuuliza Winfred amepiga nini.

Ireri alitabasamu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, lile tabasamu la kujivuna. "Umeitambua? Hakuna mwingine angeweza. Ndiyo ya kwanza kwenye disketi mpya. Chuka wanaitaka, Runyenjes wanaitaka. Inauza kuliko zote."

"Nilikupa ya kunikumbuka. Sikukupa ya kugawa."

"Ntinyari, nimeigeuza. Si wewe tena, ni sauti tu."

"Mwambie Kendi si mimi."

Tabasamu likafa. Ireri akaanza kueleza habari za mwangwi na kasi ya mkanda. Ntinyari alimuuliza kama na tai ile alishonewa na Winfred kutoka kwenye kitambaa cha suti. Ireri akaitazama tai yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akasema aliinunua mtumba. Jibu hilo halikumsaidia.

"Wazee wako wasije," Ntinyari akasema. "Nimeshamngoja mwanamume mmoja ashughulike na mambo yake. Sitangoja wa pili." Akamfunga Kendi mgongoni akaondoka bila kuonja pilau.

Jumamosi Ireri alikuja Gakoromone. Ntinyari aliwahudumia watu wote, mpaka waliouliza bei tu, kabla ya kumgeukia. Ireri hakujitetea. Alisema alidhani akishaibadilisha sauti inakuwa yake, na kwamba alikosea kwa kutouliza. Atazikusanya disketi zote. Ntinyari akamwambia akusanye kwanza, aongee baadaye.

Mvua zile kubwa za tisini na saba zilianza, zikabeba madaraja na kukata barabara. Ireri alizunguka humo humo na buti za mpira: Chuka, Chogoria, Runyenjes, akibadilisha disketi kwa disketi, akiwaomba wapiga vinanda waifute ile sauti ya kwanza. Habari zilimfikia Ntinyari kupitia kwa Gacheri, aliyekuwa sasa mke wa mtu Embu na hakupitwa na neno. Wote wamerudisha, Gacheri akasema Ntinyari alipompigia kutoka kibanda cha simu, isipokuwa mmoja. Winfred amekataa. Amesema mwenye sauti akiitaka aifuate mwenyewe.

Ntinyari aliifuata Embu, Kendi mgongoni. Njiani alipanga matusi, ya Kiswahili kwanza, kisha ya Kimeru kwa akiba.

Alimkuta Winfred kanisani mchana, peke yake, akifanya mazoezi. Hakuwa na suti. Alivaa sketi ya kitambaa cha kawaida na sandali za mpira, na rangi ya kucha ilikuwa imebanduka.

"Wewe ndiye Mama Kendi," Winfred akasema.

"Na wewe ndiye unayepokea simu."

Winfred alishusha macho. "Niliipokea kwa sababu yeye hasikii. Wiki hizo alikuwa na hedifoni masikioni asubuhi mpaka jioni, anamsikiliza mwanamke mmoja akivuma. Mimi nimempigia vinanda vyake miaka mitatu. Nimemwomba anitengenezee sauti moja tu ya kwangu, hata ya kengele. Hana nafasi. Ile suti ya harusi niliishona kwa ajili yake, dada. Hata hakuiona. Alikuwa anatazama mlango aone kama umefika."

Matusi ya Ntinyari yalikaa mdomoni, yakapoa. "Basi kwa nini huirudishi?"

"Nikiirudisha sitakuwa na kitu chochote kilichotoka mikononi mwake." Winfred alibonyeza kinanda, na ile sauti ikajaa chumba. "Sikiza hapo. Hapo unapovuta pumzi. Nilimwambia akate pumzi zote, zinaharibu, kila mtu hukata. Akakataa. Akasema bila pumzi ni kinanda, na yeye hataki kinanda."

Ntinyari alisikiliza. Pumzi zake zilikuwepo zote, hata ile fupi ambapo Kendi alimpiga teke mbavuni. Kila moja imezungushiwa sauti kwa uangalifu, jinsi mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Akaushika mguu wa mtoto mgongoni.

Winfred alichomoa disketi akamnyooshea. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Kaa nayo," Ntinyari akasema. "Lakini simu usipokee."

Kutoka hapo mpaka duka la kaseti ni mwendo mfupi, na aliutembea kwenye matope na viatu mkononi. Ireri alikuwa chumba cha nyuma, disketi zilizorudi zimepangwa mezani, ndevu zimemwota ovyo. Alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Akasema imebaki moja, atampata Winfred kesho.

"Nimetoka kwake. Nimemwachia."

"Umemwachia?" Ireri akamkodolea macho. "Basi wivu umekwisha?"

"Nani amesema umekwisha? Hizi zilizorudi zikae hapa hapa. Na ukitaka kitu changu tena, pumzi au kikohozi, unaniuliza. Kwanza unauliza, halafu unashika."

"Nitauliza."

"Kila kitu."

Ireri alifuta mikono kwenye suruali. Akamtazama Kendi, akamtazama mama yake, miguu imejaa matope mpaka magotini. "Basi niulize sasa," akasema. "Wazee wangu waje? Unioe, mimi nikuoe, vyovyote utakavyosema. Utakubali?"

Ntinyari alifuta matope miguuni kwanza, mguu mmoja mmoja, ili Ireri naye aonje kungoja. Kisha akasema atakubali. Ireri alipotoa pumzi, akaongeza kwamba kuna jambo moja: siku ya harusi yao, Winfred hatakaa kwenye kinanda.

"Sasa nani atapiga?"

"Wewe."

"Bwana harusi hapigi kinanda, Ntinyari."

"Wa kwangu atapiga."