Barakoa ya Msumarini

Nyumbani kwa fundi cherehani kulikuwa na msumari mmoja nyuma ya mlango, na kwenye msumari huo barakoa moja. Anayetoka anaivaa. Anayerudi anaitundika. Anayefuata anainyakua.

Asubuhi moja mumewe, kinyozi, aliivaa akaivua upesi.

“Nani amekula vitunguu humu?”

“Mwanao,” fundi akajibu huku akikanyaga cherehani.

Binti yao akacheka. “Tumeivaa wote, baba. Amebaki paka tu.”

Fundi hakucheka. Jumamosi mama yake angetoka hospitali, aje kukaa nao. Kifua chake bado kilikuwa dhaifu.

Jirani yao, muuguzi, akapiga hodi. Alikuja kuangalia chumba cha mgonjwa, lakini macho yake yakatua msumarini.

“Hii ya nani?”

“Ya nyumba,” fundi akasema.

“Basi kila kikohozi cha nyumba kimelala humu. Bibi akija kitampa shikamoo.”

Akaiinua dirishani. Ilikuwa ya kitambaa cha pazia. “Naona mpaka geti!”

Fundi akanuna. “Dada, unanifundisha kushona?”

“Kwa kushona unaniacha mbali. Nakuomba pamba iliyofumwa vizuri, tabaka tatu. Rangi ya ndani iwe tofauti, mtu asigeuze. Kila mtu awe na zake mbili: moja usoni, moja kwenye kamba. Ukivua, shika mipira ya masikioni, kisha nawa mikono. Zifuliwe kila siku kwa sabuni na maji ya moto, zikauke kabisa juani.”

Fundi akamfikiria mama yake, akachukua mkasi.

Jioni kinyozi alirudi akapiga kelele. “Shuka langu la pamba!”

“Utalifaidi puani. Yako ina uzi mwekundu. Usiguse ya mwenzio.”

Akaivaa chini ya pua.

“Baba, na pua nayo iingie ndani,” binti akasema. “Si mgeni huyo.”

Bibi akaja. Wiki ya pili kinyozi akapata mafua. Zamani nyumba nzima ingepanga foleni kupiga chafya. Safari hii alivaa barakoa yake, akalala chumba cha peke yake, madirisha wazi. Mafua yakaanza kwake, yakaishia kwake.

Bibi akapata nguvu. Asubuhi moja alikwenda kwa miguu mpaka getini na kurudi, bila kupumzika njiani. Kisha akatafuta pa kutundika mkoba wake.

“Huu msumari una mwenyewe?”

“Hauna, mama,” fundi akasema. “Tundika.”