Samaki Asiye na Soko

Jumatatu, tarehe nane Desemba, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Otake Fumi alitoka nyuma ya nyumba yake kwenda kusoma kipimajoto cha bwawa, kama alivyofanya kila siku tangu mumewe afariki. Theluji nzito ya kwanza ya mwaka ilikuwa imelala uani, haijakanyagwa hata na paka. Aliinua pembe ya jamvi lililofunika bwawa, akaona tumbo jeupe la samaki linaelea. Kisha la pili. Hakuendelea kuhesabu. Alilishusha jamvi taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto, akarudi ndani kupiga simu.

Satake Noboru, polisi pekee wa kijiji cha Kurasawa, alifika saa moja na robo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na saba, mzito wa mwili lakini mwepesi wa jicho. Baba yake alifuga samaki hawa hawa wa rangi, wa mapambo, mpaka tetemeko la ardhi lilipoyapasua mabwawa yake yote, na tangu hapo Satake hakupenda kusimama karibu na bwawa la mtu. Siku hiyo alisimama.

Alianza na theluji. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa nyayo, za Fumi, kwenda na kurudi.

"Ilianza kuanguka saa ngapi, mama?"

"Saa moja jioni. Taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza."

"Basi aliyekuja alikuja kabla haijazifunika nyayo zake."

Akawaopoa kwa wavu mmoja mmoja na kuwalaza juu ya turubai: kumi na mmoja, wengine urefu wa mkono mzima. Alifunua mashavu ya wa kwanza. Mahali palipotakiwa kuwa pekundu kama damu palikuwa na rangi ya majivu, na ute mzito. Maji yalinuka kama sakafu ya hospitali iliyopigwa deki. Fumi akamletea karatasi zake za kupimia maji. Satake alichovya moja, ikageuka zambarau.

"Klorini," alisema. "Tena si ya kubahatisha. Walikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili." Fumi alipita kando ya turubai, midomo ikichezacheza. Alikuwa na miaka sabini na tisa na mgongo wake ulikuwa umepinda, hivyo hakuhitaji kuinama sana kuwatazama. "Yule mkongwe, Ume, hayupo."

Ndipo Satake alipogundua kwamba kulikuwa kimya mno. Bwawa hilo lilipata maji kutoka kwenye chemchemi ya mlimani kwa bomba, nayo hutiririka usiku na mchana majira yote ya baridi ili barafu isishike. Alifukua theluji chini ya jiwe lililopo pembeni, akaigusa koki. Ilikuwa imefungwa.

"Uliifunga wewe?"

"Niifunge Desemba? Afande, hata mtoto wa hapa anajua bwawa litaganda."

"Nani mwingine anajua koki iko chini ya jiwe hili?"

"Komagata, jirani, maana tunagawana chemchemi. Hirasawa, muuza samaki wa mji wa Ojiya, kwa sababu ndiye aliyeliweka bomba pamoja na marehemu mume wangu. Na watu wa nyumba hii."

Katika kibanda cha vifaa kilikosekana kitu kimoja tu: pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ile ya kuwaokoa samaki umeme ukikatika.

Jumapili Fumi alikuwa kwenye ukumbi wa kijiji, akitia figili chumvi pamoja na wanawake wenzake, kuanzia saa saba na nusu hadi saa kumi na nusu alasiri. Alipoondoka alimwacha bintiye, Sanae, akiosha vyombo. Sanae alikuwa amepanda kutoka mji wa Nagaoka na gari lake kumletea mahitaji. Satake alimpigia simu papo hapo.

"Niliondoka saa nane na nusu," Sanae alisema. "Nilikuwa na zamu ya jioni. Mama yukoje?"

"Amesimama tu. Njoo ukipata nafasi."

Komagata Isamu alimpokea Satake mlangoni akiwa amevaa koti la pamba juu ya nguo za kulalia. Majira ya baridi ya mwaka juzi, maji ya bwawa la Fumi yalifurika yakagandia njiani kwake, akateleza, akavunjika mkono. Tangu hapo alikuwa akitangaza kwenye baa kwamba siku moja atawakaanga samaki wale wote.

"Nimeshasikia," alisema kabla hajaulizwa. "Na najua unachofikiria. Kinywa changu kitanifunga siku moja."

"Kimeshaanza. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa, mbele ya televisheni, nikiangalia farasi niliyemwekea dau akiwa wa mwisho. Hilo nalo ni kosa?"

"Kuna mtu kafunga koki ya Mama Fumi."

Komagata akakunja uso. "Kumbe ndiyo sababu. Jana maji ya kwangu yalizidi ghafla, yakawa yanaunguruma kwenye tangi la jikoni. Nikadhani theluji imeyeyuka juu mlimani."

Satake aliacha kuandika. "Saa ngapi?"

"Mbio kubwa ni saa kumi kasoro dakika ishirini. Zilikwisha, nikanyanyuka kwenda kumwaga majani ya chai, ndipo nikasikia. Tuseme saa kumi kasoro dakika kumi." Alijikuna shingo. "Ila ukitaka mtu wa kumshuku, mtafute Hirasawa. Gari lake lilisimama pale saa kumi na moja na dakika ishirini, giza limeshaingia. Huyo mtu ananusa samaki wa marehemu kama paka."

"Na wewe hukwenda kutazama?"

"Hatusemezani na Mama Fumi, afande." Alitazama mkono wake uliopona vibaya. "Lakini Februari alipoanguka kwenye theluji, nani alimwokota? Saa mbili nzima alilala pale kando ya bwawa, koleo mkononi. Mimi ndiye niliyembeba. Nilimchukia hata nilipokuwa nimembeba, lakini nilimbeba."

Saa tano na nusu Satake alikuwa Ojiya, ndani ya banda refu la Hirasawa Tatsuo, katikati ya matangi yanayotoa mvuke. Hirasawa, mtu mwembamba aliyevaa buti za mpira, alisikiliza habari hadi mwisho, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Yule wa rangi tatu, aliyechukua tuzo? Naye?"

"Naye."

"Basi mtu huyo hana macho." Alitazama matangi yake. "Na aliyeibiwa ni yupi?"

"Ume."

Hirasawa akacheka kicheko kisicho na furaha. "Afande, wewe ni mtoto wa mfugaji. Ume ni bibi kizee. Ana miaka arobaini na mitano, wekundu wake umefifia, jicho la kushoto limeingia ukungu. Hana soko. Ukinipa bure nitampokea kwa heshima tu, kwa sababu mzee Otake alimpenda. Mwizi anayemwacha yule wa rangi tatu afe, akamchukua Ume, huyo si mwizi."

"Wewe ungembebaje samaki mkubwa namna ile?"

"Mfuko, gesi ya oksijeni, sanduku. Vyote viko garini siku zote."

"Kwa hiyo hungehitaji pampu ya betri ya mtu."

"Ya nini?"

"Jana saa kumi na moja na dakika ishirini ulikuwa kwa Mama Fumi. Kufanya nini?"

Uso wa Hirasawa ukajifunga. "Kuzungumza naye."

"Kuhusu nini?"

"Muulize mwenyewe. Nilimwahidi sitasema, na sitasema hata ukinipeleka kituoni."

Satake hakumpeleka. Alikaa garini kwa muda, wipa zikisukuma theluji huku na huku, akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Nagaoka, alikofanya kazi Sanae. Msimamizi alimwambia kwamba Jumapili Sanae hakuwa na zamu yoyote, na akathibitisha, bila kujua kwa nini anaulizwa, kwamba majira haya ya maradhi ya kuhara na kutapika wanaosha sakafu na vyoo kwa klorini kali kutwa mara tatu. Simu ya pili ilikuwa ya kumwita Sanae.

Saa tisa alasiri, nyumbani kwa Fumi, walikaa watatu kuzunguka meza fupi yenye joto chini yake, miguu yao ndani ya blanketi moja. Fumi alikuwa amemimina chai. Sanae alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mikono imebabuka kwa kuoshwaoshwa, na hakuwa amelivua koti lake.

"Nitasema ninavyoona," Satake alianza. "Nikikosea, nikatizeni. Koki ilifungwa jana saa kumi kasoro dakika kumi. Maji ya Komagata ndiyo yaliyosema. Hirasawa alifika saa moja na nusu baada ya hapo, na Komagata asingefunga koki kisha akanipa dakika yenyewe kwa mdomo wake. Aliyeifunga alitaka dawa isisombwe na maji. Alimchukua samaki asiye na soko, na akamchukulia pampu kwa sababu hana vifaa vya mfanyabiashara. Sanae, uliniambia uliondoka saa nane na nusu kuwahi zamu. Zamu hiyo haikuwepo."

Sanae alitazama kikombe chake.

"Sina haja ya kupekua fleti yako," Satake aliendelea, sauti imeshuka. "Nataka kujua kitu kimoja. Maji ya beseni lako la kuogea yana digrii ngapi?"

Juu ya paa theluji iliteleza, ikaanguka uani kwa kishindo kizito.

"Kumi na nane," Sanae akasema.

Fumi alifumba macho. "Umemwamsha," alinong'ona. "Toka digrii nne mpaka kumi na nane. Umemwamsha kwenye usingizi wake wa baridi kabla ya wakati."

"Mama..."

"Maji ya bomba? Uliyatoa klorini?"

"Niliyatoa. Niliweka dawa yake."

"Kwa hiyo ulijua." Sauti ya Fumi haikupanda. "Ulijua inavyoua, na ulijua inavyotolewa."

Ndipo Sanae alipovunjika. Hakulia, maneno yalimtoka tu kama maji kwenye bomba lililopasuka.

"Nilikuomba mara ngapi uteremke uje ukae na mimi? Kila mara jibu moja: nani atawaangalia samaki? Februari ulilala kwenye theluji kwa saa mbili nzima kwa ajili yao. Mimi kila siku nawageuza kitandani wazee wa watu, nawalisha, nawaosha, na wa kwangu yuko huku juu anaondoa theluji kwa koleo peke yake. Wiki iliyopita walitangaza theluji kubwa kuliko ya miaka kumi yote. Nikasema, ama nitakuzika wewe, ama nitawazika wao. Nikachagua samaki." Alifuta pua kwa mkono. "Kwa Ume nilishindwa. Baba aliniletea mwaka nilipoanza shule. Nilitia mkono, akaja mwenyewe kutoka chini, na maji yalikuwa baridi vile. Nikamtoa kwanza. Kisha nikamimina."

Satake alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mezani mbele ya Fumi. "Sheria iko hivi, mama. Mali ya mtu ikiharibiwa namna hii, kesi haifunguliwi mpaka mwenye mali alalamike. Ukipiga muhuri wako hapa pa sahihi, nitaendelea. Usipopiga, yatakwisha hapa."

Fumi aliinuka, akafungua droo ya kabati, akarudi na muhuri mdogo wa pembe. Aliushika kiganjani kwa muda mrefu.

"Hirasawa alikuja jana kupanga siku," alisema akimtazama bintiye. "Jumatatu ijayo angewachukua wote kumi na wawili, akae nao kwenye matangi yake. Nilimwambia asimwambie mtu. Nilitaka kukuambia mwenyewe siku ya Mwaka Mpya, mizigo yangu ya kuhamia kwako ikiwa imeshafungwa."

Satake, aliyekuwa amesikia maungamo mengi katika miaka thelathini ya kazi, alijikuta anatazama ukuta.

Fumi aliurudisha muhuri kwenye kifuko chake, akaufunga. "Sitapiga. Lakini usidhani nimesamehe. Hao hawakuwa wangu peke yangu hata nisamehe; walikuwa wa baba yako pia." Akamgeukia Satake. "Afande, Ume hawezi kurudi kwenye baridi mpaka Aprili. Akirudishwa sasa atakufa. Huyu hajui kumtunza, atamlisha mpaka ampasue. Naomba unipeleke Nagaoka."

"Mama, nina gari," Sanae alisema.

"Nimemwomba afande."

Hirasawa, aliyepanda kutoka Ojiya, na Komagata waliwazika samaki kumi na mmoja nyuma ya kibanda kabla giza halijaingia, mmoja akichimba, mwingine akibeba. Saa kumi na mbili jioni Satake alisimama kwenye ukumbi mwembamba wa fleti ya Sanae, mfuko wa nguo wa Fumi mkononi. Pampu iliyopotea ilikuwa inanguruma kidogo nyuma ya mlango wa bafu.

"Nimekutandikia chumba chenye dirisha, mama," Sanae alisema.

"Tandika hapa ukumbini. Nataka niwe karibu na mlango."

"Utarudi lini kijijini?" Satake akauliza.

"Ume akirudi," Fumi alijibu. "Au akifa."

Aliingia bafuni akauvuta mlango nyuma yake. Waliobaki nje walimsikia akivuta kigoda, kisha maji yakitikisika kidogo, kama mtu anayetia mkono. Sanae alikuwa na kikombe cha chai alichotaka kumpelekea. Hakugonga. Ndani, mama yake alikuwa ameanza kumsimulia samaki habari za jana, polepole, akiwataja wale kumi na mmoja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila jina akinyamaza.