Kitabu cha Katuni kwa Ajili ya Maite

Renaud alikuwa fundi wa lifti mjini Liège. Aliishi Seraing, karibu na mto, katika nyumba nyembamba ya matofali. Aliishi na binti yake, Maite, mwenye miaka kumi na miwili. Mama yake Maite alikuwa amehamia Lyon kwa ajili ya kazi. Baadaye akaolewa na mtu mwingine huko. Tangu hapo nyumba ilipoa.

Asubuhi baba na binti walikunywa kahawa ya maziwa bila kusema mengi. Jioni walikula mkate na jibini, au chipsi za kununua Renaud alipochoka. Kisha Maite alipanda chumbani kwake, na Renaud akabaki jikoni peke yake akisikiliza maji yakipita kwenye mabomba.

Zamani walikuwa na jambo lao la pamoja. Walisoma vitabu vya katuni. Renaud alikuwa navyo rafu nzima, tangu utoto wake. Lakini sasa Maite hakuvigusa tena.

"Siku hizi husomi," Renaud alimwambia Jumamosi moja.

"Nisome nini, baba? Vyako nimevimaliza."

"Si urudie? Ni vizuri."

"Vizuri kwako wewe." Maite akachomoa kimoja na kumpa. "Haya, nionyeshe msichana."

Renaud akafunua kurasa. Wanaume walipanda milima. Wanaume walikamatwa, wakatoroka. Mwishowe akapata msichana amebeba sinia la kahawa. Kurasa chache mbele, majambazi walikuwa wamemfunga kamba.

"Huyu hapa."

"Anaitwa nani?"

Renaud akatafuta jina. Hakuliona. "Ni dada wa mwenye hoteli," akasema.

"Basi," Maite akajibu. Akapanda juu na kufunga mlango taratibu. Angeubamiza, angalau wangegombana.

Jumatatu, akitoka kazini, Renaud alipita dukani. Alinunua kitabu chenye mwanamke mwenye upanga mkubwa kwenye jalada. Akamwekea Maite mezani.

"Huyu ni shujaa hasa," alisema.

Maite akamtazama yule mwanamke. "Baba, anapigana kwenye theluji na nguo ya kuogelea."

"Ana nguvu lakini."

"Atakufa kwa nimonia."

Renaud alicheka. Maite hakucheka. Aliinuka, akaosha sahani yake, akaenda zake.

Kesho yake Renaud alitoka na kile kitabu ili akirudishe dukani. Jirani yake, Bi Solange, alikuwa akifagia mbele ya mlango wake. Alikuwa mwanamke mzee, anayeishi peke yake. Walikuwa majirani miaka mingi, lakini hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Jirani, huyo binti wa kwenye jalada mnunulie koti," Bi Solange alisema.

Renaud akaona aibu. Akamweleza habari yote, mpaka ule mlango uliofungwa taratibu. Bi Solange akaegemeza ufagio ukutani.

"Ingia. Hivi vitu navijua. Nilitia rangi vitabu vya katuni tangu usichana wangu mpaka nikastaafu. Nimepaka magauni ya wanawake wengi ambao hawakufungua mdomo hata mara moja."

Jikoni kwake palikuwa safi na kimya. Kando ya sinki palikuwa na kikombe kimoja tu na sahani moja. Bi Solange akatafuta kikombe cha pili kabatini, akakipangusa vumbi, akamwekea kipande cha keki ya wali wa maziwa.

"Kosa lako ni kwamba uliamini jalada," alisema. "Fungua katikati, usome. Ukimwona mwanamke, jiulize: yeye mwenyewe anataka nini? Kama hataki chochote ila kuokolewa au kuolewa, weka chini."

"Na kama anapigana?"

"Misuli si utu, Renaud. Naye aogope. Akosee, kisha ahangaike kurekebisha. Azungumze na wanawake wenzake, tena si habari za mwanamume tu. Halafu, kichwani mwako, mwondoe hadithini. Hadithi ikiendelea vilevile bila yeye, huyo alikuwa pambo."

"Nitavipata wapi vya namna hiyo?"

"Vipo vingi siku hizi. Nenda maktaba, usiharibu pesa. Ila usiombe kitabu cha wasichana. Watakupa chochote chenye jalada la rangi ya waridi. Sema mtoto wako anapenda nini."

Renaud akakigeuzageuza kikombe chake.

"Anapenda nini?" Bi Solange akauliza.

"Sijui," Renaud akasema polepole. "Nilikuwa najua."

"Basi usiende peke yako. Nenda naye."

Jumatano shule hufungwa saa sita mchana. Renaud aliomba ruhusa kazini, akaenda na Maite maktaba. Mkutubi, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, hakumuuliza Renaud. Alimuuliza Maite.

"Unapenda kutazama nini?"

"Matishari," Maite alijibu. "Zile meli bapa za mizigo. Huwa nazitazama kutoka dirishani. Kuna watu wanaishi humo, wanaanika nguo."

Renaud hakuwa na habari kabisa.

Mkutubi akawaletea vitabu kadhaa. Wakakaa chini, wakafungua kila kimoja katikati, wakauliza maswali ya Bi Solange.

"Huyu anataka nini?" Renaud aliuliza.

"Anataka yule kijana amwone," Maite alisema. "Weka kule."

Kimoja kilikuwa cha mwanamke aliyerithi tishari la baba yake. Katikati ya kitabu aligonga nguzo ya daraja kwa uzembe wake. Akaficha. Mpwa wake wa kike akagundua, wakagombana kurasa nne. Maite alikisoma akiwa amesimama, mpaka mkutubi akasema wanafunga.

"Msipopata mnachotaka, tuambieni," mkutubi aliwaambia mlangoni. "Maktaba huagiza vitabu ambavyo watu wameviomba."

Jioni hiyo walisoma pamoja jikoni. Kulikuwa na ukurasa usio na maneno. Yule mwanamke alikuwa akila peke yake, na mvua ikinyesha mtoni. Maite hakuufunua.

"Hapa ni mimi," alisema. "Shuleni, wakati wa chakula cha mchana."

Renaud alitaka kutoa ushauri. Akajizuia. "Tangu lini?"

"Tangu nianze sekondari."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila siku unarudi umechoka."

Renaud akautazama ule ukurasa. "Hata mimi niko hapa," alisema. "Ukishapanda juu."

Maite akasogeza kiti chake karibu. Wakaendelea kusoma.

Maite akawa anakwenda na kitabu shuleni. Siku za mwanzo hakuna aliyejali. Kisha msichana mmoja, Perrine, akasoma juu ya bega lake, akamwomba asifunue haraka. Wakawa wanakula meza moja. Baadaye Perrine akamwalika nyumbani kwao Jumatano.

Siku hiyo Renaud alirudi mapema, akakuta nyumba tupu. Akakata mkate, akala akiwa amesimama. Upweke ulimkaba kama kawaida, lakini safari hii alijua binti yake yuko wapi. Kitabu kipya kutoka maktaba kilikuwa mezani. Kilihusu mkunga mzee na baiskeli yake. Akakaa, akaanza kusoma. Kufika katikati, yule mkunga alifanya jambo ambalo Renaud hakulitegemea hata kidogo. Akatazama huku na huku, hakuona wa kumwambia.

Akavaa koti, akatoka na kitabu mkononi, akagonga kwa Bi Solange.

"Nimefika pale mkunga anapokataa kufungua mlango," alisema. "Kama umekisoma, usiniambie mwisho."

"Sijakisoma," Bi Solange alisema, akasogea apite. "Kaa. Anza mwanzo, usome kwa sauti."