Shafti ya Mashine ya Rozalia

Saa mbili asubuhi Rozalia alifunua turubai la banda lake katika uwanja wa maonyesho wa Rusimbi, akakuta mashine yake ya kukamulia mawese haina shafti. Nati iliyoishika ilikuwa juu ya meza, haina hata mkwaruzo.

Inspekta Yunisi alikuwa uwanjani tayari, amekuja kutembea tu. Alisogea.

"Mwakeye, dada," alimsalimu. "Uliiona mara ya mwisho lini?"

"Saa kumi na mbili alfajiri, Afande. Niliijaribu, ikazunguka vizuri, nikaenda nyumbani Buzebazeba kunywa chai. Leo sekta zinapimwa: mawese, maboti na dagaa. Dokta Eliakimu anatafuta ipi imebuni jambo lililobadilisha kazi zaidi. Saa sita atafika kwangu, na mashine isiyozunguka haina alama."

"Shafti aliitengeneza nani?"

"Heritier, fundi maboti wa Kibirizi. Nati yake aliikata kinyume, ili isilegee mashine inapozunguka. Kuifungua unazungusha kulia. Tunaojua ni mimi na yeye tu. Jana Dokta aliniuliza kazi ya nani, nikamtaja Heritier mbele ya watu."

Yunisi aliigeuzageuza nati. Mgeni angezungusha kushoto mpaka spana iteleze na kula pembe zake. Mwizi huyu alijua.

Heritier aliitwa. Alikuja amelowa hadi magotini.

"Mama Inspekta, miye tangu alfajiri niko majini na Dokta, tunapima boti letu linavyokunywa mafuta." Dokta Eliakimu, aliyefuatana naye, alithibitisha.

Alibaki Yasmini, mkaushaji dagaa, aliyeonekana karibu na banda akiwa na spana.

"Nilikuwa nakaza chanja zangu za kuanikia," alisema huku akicheka. "Afande, shafti niifanyie nini? Nianikie dagaa juu yake?"

"Mkamate," alisema Mzee Pastory, mwenyekiti wa wakamuaji mawese. "Mimi mashine hiyo sijawahi kuigusa, lakini ni fahari yetu. Basi tumwombe Dokta atupime kwa ile mashine tuliyonunua dukani."

Yunisi alimnong'oneza Heritier, naye akaenda karakana, akarudi na kipande cha shafti alichofanyia majaribio, kikiwa na nati kama ile.

"Fundi atachonga shafti nyingine kwa mfano wa hiki," Yunisi aliwatangazia. "Ila nati imegoma. Nani atusaidie?"

Yasmini alichukua spana, akazungusha kushoto. Nati ikazidi kukaza. Akabadilisha mkono, akazungusha kushoto tena, jasho likamtoka. Mzee Pastory alikuwa mtu asiyevumilia kuona kazi inaharibiwa.

"Lete hapa, binti, utavunja." Akazungusha kulia. Nati ikatoka.

"Mzee wangu," alisema Yunisi kwa upole, "mashine ambayo hujawahi kuigusa imekufundisha lini?"

Pastory alitazama spana mkononi mwake, akaiweka chini. "Nilimwona Rozalia akiifungua kuiosha, wiki iliyopita. Shafti iko bandani kwangu, chini ya makapi ya chikichi."

"Kwa nini, Mzee?" aliuliza Rozalia. "Tuko sekta moja."

"Jana ulimtaja huyu wa maboti. Nikaona alama zetu zinakwenda Kibirizi. Nitawaambia nini wenzangu? Kwamba mawese yameshindwa na mashine ya mawese?"

"Lakini kila ubunifu unahesabiwa kwa aliyeubuni na kwa anayeutumia," alisema Dokta Eliakimu. "Mngepata alama wote wawili. Ungeniuliza tu."

Rozalia alikataa mzee apelekwe kituoni. Alitaka kitu kimoja: Pastory mwenyewe ashike mpini wa mashine. Shafti ikarudishwa, na saa sita mafuta mekundu yalianza kutiririka, vigelegele vikapigwa, na mzee akazungusha mpaka fulana ikamganda mgongoni.

Kisha Dokta akasimama kutoa matokeo.

"Sikupima nani ana chuma kikubwa. Kila sekta nimeipima dhidi ya jana yake. Zamani masika yalipofika, dagaa wengi walioanikwa mchangani waliharibika. Leo, kwa chanja na paa la nailoni la Yasmini, wanaoharibika ni wachache, na karibu kila mkaushaji amemwiga. Washindi ni dagaa."

Yasmini alirusha kanga hewani. Heritier na Rozalia wakampigia makofi wakicheka.

Mzee Pastory aliacha mpini, akapangusa uso.

"Kumbe niliiba bure," alisema, naye akaanza kucheka.